Maneno Kumi na Matano

Po.

Kimya kidogo, kisha tena: po.

Nilikuwa bado nimefumba macho na tayari nimefika thelathini na nne. Sikuhesabu kwa kupenda. Kitanda changu kimeegemea ukuta wa uani, na ukuta huo kaka yangu aliufanya mwenzake wa mazoezi kila asubuhi: anaurushia mpira, unamrudishia, anaupiga kichwa, unamrudishia. Mlio wa mpira ukutani ni mkavu. Mlio wa mpira kwenye paji la uso ni mzito, kama kiganja kinachopiga unga uliokandwa. Ukikaa miaka minne nyumba moja na mtu wa namna hiyo, unaitofautisha milio hiyo hata usingizini.

Alimaliza mia mbili. Nikamsikia shemeji, mke wake, akifungua mlango wa jikoni.

"Baba watoto, chai."

"Mama yako ameamkaje?" kaka akauliza.

"Nimekwambia sasa hivi. Anaendelea vizuri."

Kaka akacheka, kile kicheko cha mtu aliyejikwaa njiani akajifanya alikuwa anaanza kukimbia. Nikajifunika shuka. Mtu mwenye mambo mengi kichwani husahau madogo, ndivyo nilivyojiambia.

Kaka yangu watu walimwita Nyundo. Beki wa kati, nahodha, jezi namba nne, miaka kumi na minne akiiondoa mipira ya hewani langoni mwetu kwa kichwa. Washambuliaji wa timu nyingine walikuwa wakiona krosi inakuja na Nyundo yuko hewani, wanaanza kurudi nyuma kabla hajaugusa mpira. Mimi pia ni beki wa kati. Tena, nitasema bila kujisifu, nina mbio kuliko yeye na nina miguu kuliko yeye. Lakini nafasi ya Nyundo ilikuwa moja, na mwenyewe alikuwa hai. Kwa hiyo nilikuwa benchi. Misimu miwili nimekaa benchi nikimpigia makofi kaka yangu.

Asubuhi ile ndiyo aliyokuja yule mama.

Kocha alitukusanya chumba cha kubadilishia nguo, wachezaji kumi na wanane, na harufu ya dawa ya misuli ikituwasha macho. Pembeni yake alisimama mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, mkononi kabeba boksi la plastiki.

"Huyu ni daktari," Kocha akasema. "Anatafiti vichwa."

"Basi mimi anipite," kipa wetu akadakia. "Mimi natumia mikono."

Tukacheka. Daktari naye akacheka. "Wewe ndiye nakuhitaji zaidi. Nataka mtu asiyepiga kichwa, nimlinganishe na wanaopiga."

"Mmesikia?" kipa akatugeukia. "Yaani kwenye timu hii mwenye akili ni mimi peke yangu."

"Hilo ndilo tunalotaka kujua," daktari akasema, na safari hii tulicheka tukimtazama vizuri zaidi.

Akaeleza. Kila mmoja angebandikwa kidude nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya haragwe, kihesabu kila mpira unaogusa kichwa. Kisha kila mmoja angeingia peke yake chumba cha matibabu apimwe kumbukumbu, wepesi wa fikra na kusimama kwa mguu mmoja. Majibu angepewa mchezaji mwenyewe, basi. "Hata kocha hapati," akasema.

Nilimtazama Kocha. Kocha alikuwa anatazama dari. Nikatazama mlangoni: katibu wa klabu kasimama pale, anachezea funguo zake, kama mtu aliyepita tu. Tangu lini katibu akapita tu?

Msimu wa juzi walituletea bwana mmoja wa kupima magoti. Tukaambiwa ni kwa faida yetu. Wiki tatu baadaye wenzetu watatu wakapewa barua za kuagwa, na mmoja wao alikuwa Sungura, winga bora kuliko wote niliowahi kucheza nao. Goti lake lilikuwa linauma siku za baridi, basi.

"Magoti wamemaliza," kipa akaninong'oneza. "Sasa wamepanda juu."

Siku ya kwanza waliingia sita. Wakatoka na habari: daktari anasoma maneno kumi na matano, moja moja, taratibu, halafu unatakiwa uyarudie. Anakupa kazi nyingine za kukuvuruga, na baada ya nusu saa anakuuliza tena. Ndipo kipa alipompa jina, Mama Maneno.

"Na ukiyasahau?" nikauliza.

"Anaandika. Hasemi kitu. Anaandika tu."

Huko kuandika bila kusema ndiko kulikotutisha. Tulikaa nyuma ya jukwaa, wale sita wakatutajia walichokumbuka. Huyu manane, yule tisa, mwingine saba na uongo mmoja. Tukayaunganisha, yakatimia kumi na matano. Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu kwenye mbio za mazoezini mimi ndiye ninayeimbisha na wao wanaitikia. Siku zote nyimbo nazitunga mwenyewe. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kuhesabu mizani kwa vidole nikiwa benchi, kwa kuwa benchini mtu ana vidole kumi na hana kazi.

Nikawapa ubeti kabla hatujamaliza maji ya kunywa:

*Mbuzi, kiatu guuni, kapanda ngazi ya uzi,*
*Chumvi kaona winguni, kijiko, kioo, ndizi,*
*Daraja lina sabuni, na karatasi ya wezi,*
*Kengele ipo shambani, na mkeka hatuuzi!*

Jioni ile tulikimbia mizunguko kumi kuuzunguka uwanja tukiuimba. Kocha akafurahi, akasema leo timu ina moyo. Nyundo alikuwa mbele kama kawaida, anaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Baada ya mizunguko mitatu alikuwa nao wote, neno kwa neno, wala hakujikwaa.

Mimi niliingia siku ya pili. Chumba cha matibabu kilikuwa na kitanda kimoja, mizani ya kupimia uzito, na meza ndogo yenye saa ya kubonyeza. Mama Maneno alivaa miwani yake, akasoma: daraja, mkeka, ndizi, kiatu... Sikumsikiliza hata nusu. Alipomaliza nikavuta pumzi.

"Mbuzi. Kiatu. Ngazi. Uzi. Chumvi. Wingu. Kijiko. Kioo. Ndizi. Daraja. Sabuni. Karatasi. Kengele. Shamba. Mkeka."

Kalamu yake ilisimama kwenye neno la tatu. Mpaka nafika mkeka haikuwa imesogea. Kisha akaandika, polepole, akanitazama juu ya miwani.

"Una kumbukumbu nzuri, kijana."

"Ahsante, daktari."

"Nyundo ni kaka yako?"

"Tumbo moja."

"Huwa anapiga kichwa nyumbani? Nje ya mazoezi ya timu?"

Sasa, swali hilo la nini? Nani kamwambia tunakaa pamoja? Nikaona mtego waziwazi: wanataka kusema Nyundo kachakaa.

"Nyumbani?" nikasema. "Nyumbani analala."

Akaandika hilo pia.

Asubuhi yake, nilipoingia bafuni kunawa, kidude cha kaka kilikuwa kwenye kisahani cha sabuni. Nje, ukutani: po, po, po. Nyundo alikuwa anakivua kila alfajiri na kukivaa akienda uwanjani. Nilicheka peke yangu. Kumbe kaka naye mjanja.

Wiki iliyofuata majibu yalitoka, kila mmoja bahasha yake. Kaka hakungoja hata kufika nyumbani. Aliifungua palepale, akainyanyua karatasi juu kama kadi nyekundu.

"Kumi na tano kwa kumi na tano! Nani alisema Nyundo mzee?"

"Hakuna aliyesema," kipa akajibu. "Tuliwaza tu."

Katibu alipata habari kabla jasho halijakauka. Kwa kweli ni kaka mwenyewe aliyempelekea karatasi. Siku mbili baadaye kaka akaja na habari mezani: Jumamosi anasaini misimu miwili zaidi. Na Kocha, aliyeiona karatasi hiyo mikononi mwa katibu, akaongeza mazoezi ya vichwa mara mbili. "Mmeona wenyewe," akatuambia. "Miaka kumi na minne anapiga, na kichwa kinafanya kazi kama saa."

Shemeji aliisoma karatasi ile akiwa amesimama. Akaisoma tena. Akaiweka mezani, akaondoka bila kusema hongera.

Jambo hilo lilinikaa vibaya. Mke gani hafurahii? Na Jumanne, nikitoka mazoezini, nikamwona shemeji nje ya geti la uwanja anaongea na Mama Maneno. Shemeji ndiye aliyekuwa anaongea. Mama Maneno alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana. Walipoagana shemeji alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Damu ikanichemka. Kumbe mpelelezi yumo ndani ya nyumba.

Wakati huohuo kulikuwa na mambo uwanjani ambayo nilikuwa nayaona na kuyapangusa kama vumbi. Kaka alikuwa na plasta nyeupe kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kila mechi, na alikuwa akiitazama mara kwa mara. Wachezaji walisema ni hirizi. Nikawaambia kaka yangu hana haja ya hirizi, nikakaribia kugombana na mmoja. Kisha Jumapili, siku mbili kabla ya yale ya getini, tukicheza na timu ya bandarini, kona ya kwanza tu, kaka akapaza sauti kupanga watu: "Sungura, mlingoti wa pili! Sungura!"

Watu wakatazamana. Mlingoti wa pili ukabaki mtupu. Tukafungwa.

"Alimaanisha mimi," winga wetu mpya akasema kwa upole wakati wa mapumziko. Wote tukakubali haraka, haraka mno.

Tulishinda mbili kwa moja mwishowe, kwa hiyo hakuna aliyelirudia.

Jumatano nikamkuta shemeji uani, kainama kwenye beseni, anafua nguo za mazoezi.

"Shemeji, jana nilikuona na yule daktari."

Hakuinua kichwa. "Ulinichunguza?"

"Nilipita."

"Ungepita karibu zaidi, ungesikia." Akaikamua jezi mpaka ikalia. "Nilikwenda kumuuliza imekuwaje. Mtu ananiuliza habari za mama yangu mara tatu kabla chai haijapoa. Maneno kumi na matano ameyashika vipi? Daktari akaniambia hawezi kuzungumza majibu ya mtu na mtu mwingine, hata mke. Nikarudi zangu. Nikasema labda ni mimi, labda nina kisirani."

"Sasa si umeona karatasi..."

"Subiri, sijamaliza. Leo asubuhi yuko bafuni anaoga, anaimba. *Mbuzi, kiatu guuni.* Anaimba kumi na matano yote, kwa raha zake. Na mimi nazijua nyimbo za nyumba hii zinatungwa na nani."

Nikaokota sabuni chini, nikaiweka ukingoni mwa beseni.

"Mmemwimbia mume wangu mpaka amefaulu, shemeji." Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Mimi nikimwambia apumzike anasema ni woga wa wanawake. Nilikuwa naisubiri karatasi ile imsimamishe. Badala yake imempa misimu miwili."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa suruali ya mazoezi iliyokuwa bado kavu, akatoa kitu, akanipa. Ilikuwa plasta ya kaka, imekunjwa. Ndani yake, kwa kalamu ya wino, maandishi madogo ya kaka yangu ninayoyajua tangu nilipokuwa naibia kwenye madaftari yake ya shule:

*Tunaanza upande wa kulia. Penalti namba kumi. Sungura hayupo. Nyumbani: kituo cha mafuta, kushoto.*

Nimezaliwa mji huu. Kaka kazaliwa mji huu. Njia ya kutoka uwanjani kwenda nyumbani kwetu haina kona nyingine zaidi ya hiyo.

Usiku ule nilijipeleleza mwenyewe, maana wengine wote nilikuwa nimewamaliza. Nikimsema kaka, Jumapili nani ataingia uwanjani? Mimi. Nani atavaa nne? Mimi. Mtu yeyote akisikia atasema nimemchimba ndugu yangu. Na je, kuna pembe ndani yangu inayolitaka hilo? Nilitafuta, nikaiona. Ilikuwepo. Ndogo, lakini ilikuwa macho. Na nilijua pia kwamba nikinyamaza kwa ajili ya kuificha pembe hiyo, basi nitakuwa nailinda heshima yangu kwa kichwa cha kaka.

Kesho yake asubuhi nikaenda ofisini kwa Mama Maneno. Ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maabara, kabati la chuma, feni inayolialia, maboksi mpaka kwenye kiti cha mgeni. Aliyashusha maboksi nikae.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Una habari gani?"

"Maneno yako tuliyaiba."

Sikutegemea kwamba angetabasamu, lakini alitabasamu, na halikuwa tabasamu la furaha. Akafungua kabati, akatoa karatasi, akazipanga mezani mbele yangu kama mtu anayepanga timu. Kumi na mbili.

"Mtu akikumbuka orodha, huanza popote. Wengine huanza na la mwisho kwa sababu bado linalia masikioni. Lakini nyie, watu kumi na wawili wa siku ya pili na ya tatu, mnaanza na mbuzi. Mbuzi, kiatu, ngazi, uzi. Kwenye orodha yangu mbuzi ni neno la kumi na moja." Akagonga karatasi moja kwa kidole. "Na huyu ndugu akaniongezea wezi. Mimi sikusoma neno wezi mahali popote."

Winga wetu. Masikio yaliniwaka.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilihitaji kujua kwanza kama ni ninyi au ni msaidizi wangu aliyetoa karatasi. Nilimshuku mtu asiye na kosa wiki nzima." Akavua miwani. "Majibu ya timu yenu yote nimeyaweka kando. Hayaingii kwenye utafiti. Kwangu ni miezi minne ya maandalizi imepotea. Kwa mwenzenu mmoja huenda ni zaidi, lakini siwezi kumtaja."

"Ni kaka yangu."

"Nimesema siwezi kumtaja."

"Kidude anakivua. Kila asubuhi ukutani, mia mbili, wakati mwingine zaidi. Mimi ndiye ninayezihesabu."

Aliandika namba hiyo. Kisha akaikata kwa mstari. "Hili anatakiwa aliseme yeye."

"Lakini ni vichwa, siyo? Ni mpira ndio uliomfanya hivi?"

"Sijui," akasema. "Ningekuwa najua nisingekuja kuwasumbua. Huenda ni mpira. Huenda ni kitu kingine kabisa, na baadhi ya hivyo vingine vinatibika. Kipimo changu cha maneno si ugonjwa, ni kengele ya mlangoni tu. Akija mwenyewe, kwa hiari yake, nina orodha nyingine ambayo haijawahi kuimbwa. Na nina mwenzangu wa hospitali atakayempima sawasawa. Nipo Jumamosi asubuhi."

"Jumamosi asubuhi anasaini."

"Basi mwambie nipo mapema."

Nilipofika mlangoni nikageuka. "Katibu alikuuliza majibu?"

"Mara tatu," akasema. "Mara zote tatu alipewa chai akaondoka."

Ijumaa alasiri kaka alikuwa uani na mpira wake. Nilisimama kati yake na ukuta.

"Ondoka, dogo."

"Nimekwenda kwa daktari. Nimemwambia kuhusu wimbo."

Aliukamata mpira kifuani. Nikaona uso wake unabadilika taratibu, ukawa ule anaowatazamia washambuliaji.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ile kumi na tano si yako. Ni yangu. Mimi ndiye niliyeitunga."

"Ah." Akatikisa kichwa. "Nimeelewa sasa. Benchi limekuchosha."

"Kaka..."

"Misimu miwili unanipigia makofi, kumbe unanipimia kaburi. Unataka namba. Sema tu, unataka namba!"

"Ndiyo, naitaka!" Sauti ilinitoka kabla sijaiomba. "Naitaka tangu nina miaka kumi! Lakini nilitaka kukupokonya ukiwa unanitazama na unajua mimi ni nani!"

Alinirushia mpira kwa nguvu, ukanipiga begani. Nikaurudisha. Akausukuma kando, akanijia, akanishika shingo ya shati. Yeye ni mzito kuliko mimi. Nilisikia mishono ya shati inaachia. Nikasema haraka, karibu na uso wake:

"Jumapili tulicheza na nani?"

"Usinifanyie upuuzi wa..."

"Jumapili iliyopita, kaka. Tulicheza na nani?"

Akatazama kifundo cha mkono wake wa kushoto. Ngozi tupu, alama ya plasta tu, nyeupe kidogo kuliko kwingine. Alibaki anaitazama. Mkono wake ulikuwa bado umeshika shati langu, lakini haukuwa tena na nguvu, ulikuwa umening'inia pale kama nguo kwenye kamba. Shemeji alikuwa ametoka, kasimama mlangoni, hakusogea.

"Tulishinda?" kaka akaniuliza.

Kwa sauti ndogo. Kama anauliza njia.

"Tulishinda," nikasema. "Mbili moja. Timu ya bandarini."

Akaniachia. Akakaa kwenye kizingiti cha jikoni, miguu mirefu kainyoosha, akajishika kichwa kwa mikono yote miwili, pale pale kwenye paji la uso. Shemeji akakaa nyuma yake akamwekea kiganja mgongoni. Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha ukuta kilipotufikia miguuni.

"Nilijua tangu msimu uliopita," kaka akasema hatimaye. "Nilisimama kwenye kituo cha mafuta robo saa nzima, najifanya naangalia simu. Nikasema ni uchovu. Halafu karatasi ile ikaja." Akacheka kidogo. "Sikuisoma kama majibu. Niliisoma kama msamaha."

"Mimi ndiye niliyekudanganya."

"Wewe uliimba tu. Mimi ndiye niliyetaka kusikia." Akamgeukia mkewe. "Na wewe nilikuita mwoga."

"Uliniita mara nne," shemeji akasema. "Tatu umezisahau, kwa hiyo nakudai moja tu."

Wakacheka wote wawili, na shemeji akalia katikati ya kicheko, na mimi nikatazama pembeni.

"Daktari yupo kesho mapema," nikasema. "Kabla ya katibu. Anasema huenda ni kitu kinachotibika. Huenda. Hakuniahidi."

Niliona anajaribu kuishika kesho mkononi, kuigeuza, kuona ina uzito gani bila jezi.

"Nitakwenda," akasema. "Nitamwambia na habari za ukuta. Katibu atangoja, na asipongoja, basi." Akaninyooshea mkono nimwinue, nami nikamwinua, akasimama akiwa bado amenishika. "Lakini dogo, kuna kitu nataka kutoka kwako. Watu wataanza kunihurumia. Nikiuliza jambo mara ya pili watajifanya ni mara ya kwanza. Watanitikisia kichwa kama mtoto. Huyu hapa," akamwonyesha shemeji kwa kidevu, "mara nyingi amefanya hivyo mwaka huu kwa mapenzi, na mapenzi hayo yamenificha kwangu mwenyewe. Wewe usinifanyie. Una ulimi mkali, utumie."

Nilitaka aisikie vizuri, na shemeji aisikie, kwa hiyo nikaisema kwa sauti kubwa:

"Sitakudanganya tena, kaka. Ukiniuliza jambo mara ya kumi nitakuambia ni mara ya kumi, halafu nitakujibu."